Kwa Salehe, Anayekwenda Bungu Kuachishwa Ziwa

Mwanangu Salehe,

Nina mimba. Sijamwambia mtu, hata baba yako. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, ingawa umelala hapa mkekani mdomo wazi, inzi anakuzunguka, nami nampunga kwa mkono wa kushoto huku naandika kwa wa kulia. Bado ni changa sana. Nimeijua kwa kuwa harufu ya kamba wanaoanikwa, niliyokwisha izoea tangu nilipoolewa huku kwenye visiwa vya mlangoni mwa mto, imeanza tena kunikimbiza nyuma ya nyumba, kama ilivyonikimbiza zamani zako.

Najua hujui kusoma. Karatasi kwako ni kitu cha kutafuna. Lakini utasoma siku moja, na siku hiyo nataka uyakute haya, maana nikingoja mpaka uwe mkubwa nikuambie kwa mdomo sitaweza. Mamako ninamjua. Sitakuandikia usile udongo wala usimvute paka mkia. Hayo bibi yako wa Bungu atakuambia, na wewe hutasikia. Nataka kukuambia ulivyonigeuza, na kwa nini hii mimba nimeificha kama mwizi.

Kesho maji yakijaa utapanda mtumbwi na bibi yako, mama yangu mzazi, mpaka Nyamisati, na kutoka huko lori likipatikana mtafika Bungu kabla ya jua kuchwa. Unakwenda kuachishwa ziwa. Ndivyo watu wetu wanavyofanya. Mtoto akifikia umri wa kuacha, huondolewa machoni pa mama, kwa sababu akibaki atalifuata ziwa kila linapokwenda, na mama atamwonea huruma, na shughuli haitakwisha. Kwa bibi hulia kidogo, hupewa uji wa mchele na ndizi mbivu, akasahau.

Kwa hilo sina ugomvi. Njia nyingine nimeijaribu. Bibi yako wa hapa, mama yake baba yako, alinipa shubiri nijipake, akasema ukionja mara moja utaniona adui. Nikaionja mimi kwanza, kwa ulimi, nione ninakupa nini. Nilitema mpaka alasiri. Jioni nikamwambia nimejipaka ukanyonya vivyo hivyo. Akakutazama kwa heshima sana. "Huyu," akasema, "atakuwa mtu wa baharini."

Ugomvi wangu uko mbele ya hapo. Ziwa husahauliwa upesi. Lakini mjukuu wa kwanza, kwa watu wetu, akishapokewa na bibi harudi. Husemwa kwa furaha, hakuna anayeona ubaya: mjukuu wa kwanza ni wa bibi, ndiye wa kumtuma moto kwa jirani, ndiye wa kulala naye. Mjomba wako Hamisi, kaka yangu, alipelekwa Ngorongo kwa mama yake babu yako, kuachishwa ziwa tu. Alirudi kwetu ana ndevu. Mimi nilikuwa msichana mdogo, nikaona kijana anaingia uani na kuku mkononi, kama mgeni, anamsalimia mama yangu, "Shikamoo, dada." Alikua akimsikia bibi yake akimwita mama yetu kwa jina, kama binti wa nyumba ile, naye akachukua kwamba ni dada yake mkubwa. Watu wote walicheka. Mama naye alicheka, akaenda kumchinja yule kuku, akakaa muda mrefu kuliko kuku mmoja anavyotaka.

Nilimuuliza mara moja, tukitwanga. "Mama, kwa nini hukwenda kumchukua Hamisi?"

"Nilikwenda. Kila baada ya mavuno nilikwenda."

"Sasa?"

"Sasa nini? Mama mkwe alikuwa mtu mzima, kakaa na mjukuu wake, wamefurahi. Ningemwambiaje? Nilifika na neno mdomoni, nikarudi nalo. Twanga, wewe, unga hautakuwa kwa maswali."

Basi ndilo ninaloogopa. Sitaki uniite dada. Na mimba hii ikijulikana leo, neno litakuwa limekwisha: Mama Salehe ana mwingine tumboni, ataweza wawili na shamba? Mkubwa abaki Bungu. Watasema kwa wema, na mimi nitainamisha kichwa, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua tangu kuzaliwa.

Ipo na aibu nyingine. Huku mama akishika mimba mtoto angali ziwani, husemwa wazazi wamembemenda mtoto, miguu italegea, tumbo litavimba. Baba yako na mimi tulingoja kama inavyotakiwa, ila mwisho wa kungoja hatukuufikia. Mstari huo uruke. Lakini ukitaka kujua kama umebemendwa, asubuhi ya leo umemkimbiza jogoo wa jirani mpaka akaingia mtoni, na mwenye jogoo amekuja kushitaki.

Nikuambie nilikuwa nani kabla yako. Mimi ni mtu wa haya. Sisemi ile haya ya kusifiwa, wanayoitafuta watu kwa binti wa kuoa. Yangu ni ya kukaba koo. Babu yako alikuwa msimamizi wa vibarua wa barabara pale Bungu. Aliwaona makarani wakipita garini, mashati meupe, hawana jasho, akaapa mmoja wetu atasoma. Wavulana walitoroka mmoja mmoja. Nikabaki mimi, ambaye hata kutoroka niliona haya. Nikapelekwa shule ya bweni ya wasichana, asubuhi tukisoma kwa Kiswahili, mchana kwa Kiingereza. Nikazijua lugha mbili, nikanyamaza kwa zote mbili. Mwalimu akiuliza, jibu ninalo. Nalishika chini ya ulimi mpaka msichana mwingine analitamka, nami nafurahi kwamba jibu letu limepona.

Nilipoolewa, kabla sijamaliza darasa la mwisho, nilikuja huku na sanduku la bati na mambo ya daftari. Kuna mwalimu wa Kizungu aliyetufundisha malezi kwa mwanasesere wa mbao. Alisema mtoto hunyonyeshwa kwa saa. Akilia kabla ya saa yake, aachwe alie, anakuza mapafu. Niliyaandika kwa mwandiko mzuri, nikapewa alama zote. Yule wa mbao hakulia hata mara moja.

Ukazaliwa wewe. Saa kijijini ilikuwa moja, ya karani anayehesabu boriti za mikoko, nayo iliingia maji siku alipoanguka mtumbwini. Nikafikiri sana, mtu msomi, nikapata dawa: nitakunyonyesha kwa adhana. Zipo kila siku, hazikosei, hazitaki kutiwa ufunguo. Sikumwambia mtu. Alfajiri ukanyonya, ukangoja adhuhuri. Mwanangu, wewe jaribu ukiwa mkubwa kukaa na njaa tangu alfajiri mpaka adhuhuri, kisha uone alasiri imekuja, magharibi imekuja, isha imeifuata mgongoni. Asubuhi ulikaribia kufa kwa njaa na jioni ulikaribia kupasuka. Ulilia mpaka ukabadilika rangi, na mimi nimekaa kando yako nalia pia, masikio yangu yote mawili yako msikitini.

Bibi yako wa hapa alivumilia, akidhani una uroho wa tumbo. Kisha akaniona namtazama muadhini akipanda ngazi, nami tayari nafungua kifua.

"Mama Salehe," akasema, "unamngoja nani?"

Sikuweza kusema uongo. Nikamweleza, sauti ndani ya kanga.

Alikaa chini. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakunyakua akaniwekea mapajani. "Swala ikikupita utailipa," akasema. "Njaa ya mtoto utailipa na nini? Mnyonyeshe huyu. Huyu hajabaleghe, swala haijamlazimu."

Kijiji kizima kilijua kabla ya isha. Wanawake walikuwa wakinikuta kisimani wananiuliza, "Mama Salehe, leo umekwisha adhini?" Zamani ningejifungia ndani mwezi. Lakini nilikuwa nimekubeba, umeshiba, umelala, shingo yako imenilowesha jasho, na nilijikuta nacheka nao. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu lilinishangaza: nimechekwa na sikufa.

Usidhani bibi yako alijua yote. Yeye naye alikupaka masizi usoni uepukane na jicho, ukafanana na sufuria, masizi yakaingia macho, tukakuosha wote wawili kwa maji ya vuguvugu tukilaumiana. Nilichojifunza ni kidogo. Nilikuwa nakutafuta kwenye daftari na wewe uko mapajani.

Jina langu ni Zainabu. Nakuandikia ili ulijue, kwa maana hulisikii popote. Ulipotolewa nje arobaini ilipotimia, wanawake wakasema, "Mama Salehe, lete mtoto tumwone," nami nikageuka nyuma kumtafuta huyo mama mtu mzima anayeitwa. Mpaka leo watu hawaniiti vingine. Mwanzo niliona nimenyang'anywa. Siku hizi naliona lile jina kama kibanda nilichojengewa. Zainabu hawezi kubisha hodi kwa watu. Anazunguka nyumba, anakohoa, anarudi kwao. Mama Salehe anabisha, kwa sababu mtoto anataka chumvi ya kuchemshiwa mchuzi.

Na masikio yangu si yale. Nilikuwa mtu wa kulala mpaka nimwagiwe maji. Siku hizi kaa akitambaa chini ya kitanda namsikia. Nausikia mto ukianza kupanda kwenye mikoko, ule mlio wa tope linapokunywa, na mkono wangu unakwenda wenyewe kukutafuta ulipo. Zamani mto ulikuwa mahali pa kuoshea vyombo. Tangu ulipojua kutambaa, umekuwa mtu mwingine kijijini, ambaye namsalimia kwa adabu na simpi kisogo.

Hata chakula si kile. Nilikuwa napenda kichwa cha samaki, na macho yake. Sasa natafuta mnofu usio na mwiba, nautia mdomoni nauchambua, nakupa wewe, kisha natazama sahani na kumbe samaki amekwisha na nimeshiba. Nimeshiba kweli, sijui kwa njia gani.

Sasa sikiliza habari ya ndege, kwa sababu ndiyo kubwa.

Msimu ule hujatambaa bado, mpunga ulipotia maziwa, tulihamia shambani kuamia ndege wasiumalize. Kila mwanamke na kipande chake, na dungu lake, kile kichanja cha juu, unasimama na kombeo na udongo wa kufinyanga, na zaidi ya yote unapiga kelele. Ndege wale wadogo hawaogopi sana udongo. Wanaogopa sauti. Bibi yako wa hapa akipiga ukelele wake, hata nguruwe wa ng'ambo hufikiri upya.

Mimi nilikuwa nimekwisha haribu msimu mmoja. Mwaka niliokuja kuolewa nilisimama juu ya dungu nikipunga kanga kimya kimya, kama naagana na mtu. Ndege walinijua. Walitoka kwenye vipande vya wenzangu wakaja kwangu kupumzika. Tulivuna makapi. Jirani yetu, mwanamke mwenye maneno, alisema mbele ya watu, "Seifu kaoa msomi. Anawaandikia ndege barua." Baba yako alikula ugali wa muhogo miezi ile yote bila kunikunjia uso, na hilo lilinichoma kuliko maneno.

Basi safari hii nilipanda dunguni nimekubeba mgongoni, najua la mwaka jana linarudi. Nikakuteremsha nikakulaza kwenye kanga. Ndege wakaja, wingu zima, wakatua. Nikajaribu. Nikatoa kitu, sijui nikiite nini, kama mlango mbovu. Hakuna ndege aliyehama.

Wewe ukacheka.

Hukuwa umecheka bado maishani mwako. Ulikuwa unatabasamu tu, na bibi zako wanasema anaota malaika. Hiki kilikuwa kicheko, kimetoka tumboni, miguu inapiga hewa. Nikakutazama. Nikatoa tena ule mlio, makusudi, kwa nguvu kidogo. Ukacheka mpaka ukakwama pumzi. Nikatoa mkubwa zaidi. Salehe, nilisahau ndege. Nilisahau jirani, nilisahau kwamba mimi ni mtu wa haya, nilikuwa na shughuli moja tu duniani, nikusikie tena. Nilipiga vigelegele, nilibweka, niliiga fisi, niliiga mwalimu wangu wa hesabu, nilitukana ndege kwa Kiswahili, nilipokwisha nikawatukana kwa Kiingereza. Nilipokuja kuinua kichwa shamba langu lilikuwa jeupe, hakuna ndege hata wa dawa, na wanawake katika madungu yote wamesimama wananitazama.

Yule jirani aliita kutoka kwake, "Mama Salehe, umewafanya nini? Wote wamehamia kwangu."

Nikamjibu. Nilimjibu mtu kwa sauti, katikati ya bonde. "Waandikie barua," nikasema.

Tulivuna mpunga mwaka ule mpaka baba yako akaongeza ghala. Koo langu halikurudi lilivyokuwa. Mpaka leo nikiimba naimba kwa mkwaruzo. Naupenda mkwaruzo ule.

Baba yako naye hukumwacha salama. Tulipooana hatukuwa na la kusemezana. Yeye mkata boriti, anaondoka na maji, anarudi na maji, tope mpaka mapajani, mikono kama gome la mkoko. Mimi na vitabu vyangu viwili na ulimi wangu uliofungwa. Tulikuwa tukikaa jioni kama watu wawili wanaongoja mtumbwi mmoja. Ukaja wewe, ukawa ndiyo mazungumzo yetu. "Kapiga chafya." "Mara ngapi?" "Mara mbili." "Vizuri." Kwa watu kama sisi hayo yalikuwa maneno mengi. Alikuwa akisugua viganja kwa majivu na mchanga mpaka vinatoa damu, asije akakukwaruza. Aliwaambia wenzake kwamba umezaliwa mwembamba kama ufito, sasa umenenepa umekuwa pau, na ukila vizuri atakuuza kwa bei ya boriti. Siku moja nilimkuta amejilaza kifudifudi sakafuni anakufundisha kutambaa, mtu mzima, na mimi nikaona haya mpya, ile ya binti anayemwona kijana kwa mara ya kwanza. Nilikuwa mke wake tayari mwaka na zaidi.

Makosa yangu mengine siyaandiki yote. Nimekuacha ukaanguka kitandani. Nimekufokea ukiwa na homa, sikujua ni homa, nikadhani ni kiburi. Siku ile nilipokugusa kichwa nikakuta moto, nilikuomba radhi kwa sauti, mtoto mdogo vile, na ukanitazama kama mtu aliyekwisha samehe zamani anashangaa kwa nini mambo hayajaendelea. Nikichelewa kukuomba radhi siku za mbele, nikumbushe kwamba najua namna.

Sasa bibi yako wa Bungu. Amefika jana na mtumbwi wa wauza nazi, ana kapu kichwani kubwa kuliko yeye. Hata hajakaa, bibi yako wa hapa akamtokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Umekuja kufanya nini kwangu?"

"Nimekuja kumchukua mume wangu."

"Mume gani? Huyu hapa anaogeshwa na mimi, anakula kwangu, amenijalia magoti haya kuuma."

"Ndiyo maana namchukua. Umemzeesha. Tazama, meno hana hata kinywa kizima."

"Atakukimbia usiku."

"Na wewe ulikimbiwa?"

Wakashikana mikono wakacheka, wakaingia ndani kula, na wewe mume wa watu wazima wawili ukakaa katikati ukiwaangushia wali mapajani. Nilicheka nao. Furaha iliyokuwa humu ndani jana sikuwa nayo mimi msichana, nyumba yetu ya Bungu ilikuwa ya watu wa kunong'ona. Wewe umewafundisha mama yangu na mama mkwe wangu utani, watu ambao harusini kwetu walisalimiana kama polisi.

Leo asubuhi akafungua kapu anionyeshe nguo zako. Fundi wa Bungu amekushonea. Shati la sasa. Shati jingine, refu, la kukufika magotini. Kaptura ya mtoto wa kwenda shule. Na chini kabisa, imekunjwa kwa karatasi ya duka, kanzu ndogo nyeupe ya kuvaa utakapotoka jandoni.

Nikaishika ile kanzu. Nikasema, "Nzuri."

Hilo tu. Neno langu la kweli lilikuwa tayari, na nikalishika chini ya ulimi kama darasani.

Na sikiliza tena, kwa sababu sitaki umdhanie vibaya. Mama yangu alitoa wa kwanza wake. Alimtoa bila kusema neno, na alipokuwa akirudi kutoka Ngorongo mikono mitupu alijua iko siku zamu itakuwa yake: naye atapokea. Miaka yote ile amengoja. Nguo zile amezishonesha kwa kuuza mikeka aliyosuka mwenyewe. Nikimwambia akuachishe ziwa kisha akurudishe, nimemnyang'anya mara ya pili, na safari hii ni binti yake aliyemnyang'anya. Ndiyo maana nimekaa hapa tangu adhuhuri naandika badala ya kwenda jikoni walipo. Kumwandikia mtu asiyejua kusoma ni rahisi kuliko kumwambia aliye jikoni.

Mara mbili zimekuja hatua mlangoni. Mara mbili nimeisukuma karatasi chini ya mkeka, nikajifanya nakupepea. Ya kwanza alikuwa baba yako anatafuta panga. Ya pili alikuwa mbuzi.

Nikajiuliza naficha nini. Sijaandika hapa tusi wala wizi. Nimeandika kwamba nampenda mtoto wangu na kwamba ana mwenzake anakuja. Kama mama yangu angelisema neno lake Ngorongo, huenda mkwewe angekasirika, huenda angekataa, lakini Hamisi angekua akijua kwamba kuna mtu alimdai. Salehe, wakikataa nao, wewe ujue ulidaiwa. Hilo peke yake nataka liwe lako, hata ukikaa Bungu mpaka ndevu.

Zinakuja hatua tena. Hizi nazijua, ni za mama yangu, anatembea kwa kukwepa kuku hata pasipo na kuku. Karatasi iko magotini. Naiacha.

Ameinama kuingia. Ameitazama. Naandika bado.

"Zainabu. Unamwandikia nani?"

"Salehe."

"Unamwambia nini mtu anayekula karatasi?"

Basi nimemwambia, mwanangu. Kwanza ya tumboni, kisha yako. Nimesema: Mama, mchukue, mwachishe, mbembeleze, lakini akishasahau ziwa nataka arudi kwangu. Nikasema najua umengoja. Nikasema wawili nitawaweza. Sauti yangu ilikuwa ile ya dunguni, ya mkwaruzo, imetoka kubwa kuliko nilivyokusudia, naona imefika mpaka jikoni.

Amekaa kando yako. Amekufunika mguu, kisha akaufunua tena. Nami nimeandika mistari hii ya juu ili nisimtazame usoni.

"Hilo la tumboni nimeliona tangu jana," akasema. "Mimi mamako. Na huyo mkweo pia ameliona, ananingoja mimi niseme, namngoja yeye."

"Na hilo jingine?"

"Hilo jingine sikulijua. Nilidhani umekuwa kama mimi."

Macho yamemjaa maji, na anacheka, vyote kwa pamoja. Anasema ataondoka na wewe kesho, na atakuleta mwenyewe, kwa mkono wake, wala hatangoja aitwe. Anasema lakini ukija utakuja naye, akae hapa mpaka nijifungue, maana hao ndege wangu wawili, yaani wewe na huyo anayekuja, hawezi kuniacha niwapigie kelele peke yangu. Jikoni bibi yako wa hapa amepaza sauti, "Aje na kitanda chake, mke mwenza huyo."

Umeamka. Umeniona, umemwona bibi, umechagua. Unakuja kwa magoti unavuta kanga yangu kifuani, na mimi nimemtazama mama kumuuliza kama bado inafaa.

"Mpe," anasema. "Mtumbwi ni kesho."

Naiweka kalamu.

Mamako,
Zainabu